Kilo Zinazokandamiza Tufe: Kuvuta Trela Zito kwa Pikapu

Muuzaji akikuambia pikapu "inavuta tani tatu na nusu", hakudanganyi. Amekupa tu namba moja kati ya nyingi, na kwa kawaida siyo hiyo itakayokukwamisha. Itakayokukwamisha ni ndogo zaidi na haiandikwi kwenye tangazo: kilo zinazokandamiza tufe, yaani ule mpira wa chuma wa nyuma ya gari unaoshikwa na trela, kwenda chini. Wengi huona kuvuta kuwa ni suala la nguvu za injini. Lakini injini ikizidiwa, gari linapanda mlima polepole, basi. Uzito wa pale kwenye tufe ukikosewa, uwe umezidi au umepungua, ndipo gari linapolala pembeni mwa barabara na trela likiwa limelitangulia.

Tuelewane majina kwanza, maana kila gereji ina yake. Risiva ni lile bomba la mraba lililofungwa kwa bolti kwenye chasisi, chini ya bampa. Ndani yake unachomekwa mkono, yaani chuma kinachobeba tufe, na mkono huo unazuiwa kuchomoka na pini. Upande wa trela kuna shingo, vile vyuma vinavyokutana mbele, na kwenye ncha yake kuna kikombe kinachokaa juu ya tufe. Uzito wa shingo ni kilo ambazo kikombe kinalikalia tufe trela likiwa limepakiwa na limesimama sawa. Makala yote haya yanazunguka hapo.

Risiva zinakuja na tundu la inchi 1¼, 2, 2½ au 3. Ukubwa wa tundu haukuambii uwezo. Kuna risiva za inchi 2 zilizotengenezwa kwa kilo 1,588 tu, na nyingine zenye tundu lilelile zinavumilia zaidi ya kilo 4,500. Kinachosema kweli ni kibandiko au bamba lililo kwenye risiva yenyewe. Likiwa la Marekani limeandikwa kwa pauni. Zidisha kwa 0.4536 upate kilo. Mara nyingi utakuta mistari miwili ya namba. Mmoja ni wa kuvuta kwa mkono wa kawaida, na mwingine, mkubwa zaidi, ni wa kuvuta kwa vyuma vya springi vinavyogawa uzito. Anayesoma mstari wa pili huku anatumia mkono wa kawaida amejikopesha uwezo ambao hana.

Tufe nalo lina namba yake, imegongwa juu au ubavuni. Mkono una yake. Kikombe kina yake. Tairi za nyuma na ekseli ya nyuma zina zao, na gari zima lina uzito wa juu unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye kibandiko kilicho karibu na mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari. Ukomo wako ni namba ndogo kuliko zote. Risiva ya kilo 4,500 iliyofungiwa tufe la kilo 2,700 ni risiva ya kilo 2,700, hata kama ni mpya na inang'aa.

Hesabu ambayo tangazo halifanyi

Chukua pikapu ambayo uzito wake wa juu unaoruhusiwa ni kilo 3,200, na ikiwa tupu na tangi limejaa ina kilo 2,350. Imebaki nafasi ya kilo 850 za kubeba. Sasa funga trela la kilo 3,500, na shingo ichukue asilimia 12, kiwango cha kawaida kwa trela zito. Hizo ni kilo 420, na zote zinahesabiwa kuwa mzigo uliobebwa na pikapu, sawasawa na kama umezipakia kwenye bodi. Zimebaki 430. Watu wazima wanne wa kilo 80 kila mmoja wanakula 320. Zimebaki 110. Kifuniko cha bodi, jeki, vifaa na mkono wenyewe vikifika kilo 85, una kilo 25 mkononi. Shingo ikipanda hadi asilimia 15, inakuwa kilo 525, na gari limezidi kwa kilo 80 hata kabla hujaweka begi la nguo. Injini haitakuambia kitu. Itavuta tu.

Namba ya tangazo hupatikana kwa masharti mepesi kuliko safari yako. Kiwango cha kupima uwezo wa kuvuta cha SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kiitwacho J2807 na kinachofuatwa na watengenezaji wakubwa wa pikapu za soko la Marekani, kinahesabu dereva na abiria mmoja wa takriban kilo 68 kila mmoja, na kwa matrela ya kawaida kinachukulia shingo ina asilimia 10. Kina majaribio magumu, ukiwemo mlima wa Davis Dam kule Arizona, kilomita 18 hivi za kupanda kwenye joto kali huku kiyoyozi kimewashwa. Namba zake ni za kuaminika. Ila zinahusu watu wawili, na wewe una wanne.

Kuna mtego mwingine kwa pikapu zinazouzwa nje ya Marekani. Nyingi zimeandikwa kuvuta kilo 3,500 huku tufe likiruhusiwa kilo 350, ambazo ni asilimia 10 kamili. Ukitaka asilimia 12 kwa ajili ya utulivu, trela lako lisizidi kilo 2,900 na kidogo. Huko ndiko kuheshimu ukomo wa tufe, na ndiko wengi wanakoona tumepunguza mno. Sisi tunaona ndiyo tani halisi ya gari.

Kwa nini kilo 420 zinageuka 573

Tufe haliko juu ya ekseli ya nyuma. Liko nyuma yake, na kila sentimita ya umbali huo ina gharama. Fikiria ubao wa bembea wa watoto: ekseli ya nyuma ndiyo mhimili, na mtu mzito anapokaa ncha ya nyuma, ncha ya mbele inanyanyuka. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.3, na kutoka ekseli ya nyuma hadi tufe ni mita 1.2. Kilo 420 mara 1.2, gawa kwa 3.3, unapata karibu 153. Ekseli ya mbele imepoteza kilo 153, na ya nyuma imebeba 420 jumlisha 153, yaani 573.

Kwa hiyo tairi za nyuma zinaweza kuzidiwa ilhali gari zima, kwa jumla, liko ndani ya ukomo. Na tairi za mbele, zinazoongoza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, zimekuwa nyepesi. Usukani unakuwa laini mno, taa zinamulika juu ya vichwa vya wanaokuja, na kwenye barabara yenye maji gari linachelewa kuitikia kona. Dereva hudhani springi za nyuma zimechoka, anakimbilia kuongeza majani ya springi. Majani yanainua mkia wa gari usionekane umelala. Hayarudishi hata kilo moja mbele.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotufanya tusipende vipande vya kurefusha risiva. Kurefusha kwa sentimita 30 kunapandisha upotevu wa mbele kutoka kilo 153 hadi 191. Lakini ubaya mkubwa uko kwenye risiva yenyewe: tufe lililokuwa sentimita 25 nyuma ya pini sasa liko 55, kwa hiyo nguvu ya kupinda chuma imezidi maradufu kwa mzigo uleule. Ndiyo maana watengenezaji wengi hukata uwezo kwa nusu mara tu kirefusho kinapotumika. Nyufa zikianza, mara nyingi huanzia kwenye weldi za bomba. Osha pale, pangusa kutu kwa brashi ya waya, uangalie kwa tochi. Mstari mwembamba wa kutu nyekundu uliojichora pembeni mwa weldi si uchafu. Hiyo ni risiva ya kubadilishwa, na wala si ya kuongezewa weldi juu.

Kupima, siyo kukisia

Njia bora ni mizani ya magari. Pima mara tatu. Kwanza pikapu peke yake, na watu na vifaa vyote vikiwa ndani. Pili, trela likiwa limefungwa, weka ekseli mbili za pikapu tu kwenye mizani. Tatu, ekseli za trela tu, likiwa bado limefungwa. Mfano: ya kwanza kilo 2,740, ya pili 3,130, ya tatu 2,860. Shingo ni 3,130 kutoa 2,740, yaani kilo 390. Trela zima ni 2,860 jumlisha 390, yaani 3,250. Kilo 390 ni asilimia 12 ya 3,250. Pazuri. Ukiweza, pima pia ekseli ya mbele peke yake kabla na baada ya kufunga trela, uone imepoteza ngapi.

Mizani ya magari ikiwa mbali, ile ndogo ya kupimia watu inatosha kwa shingo. Kuibandika moja kwa moja chini ya shingo kutaivunja, kwa hiyo tumia ubao mnene. Upande mmoja ubao ukae juu ya tofali lenye kipande cha bomba, upande wa pili juu ya mizani iliyowekewa kipande kama hicho. Shingo ikalie ubao mahali ambapo ni sentimita 30 kutoka bomba la tofali na sentimita 60 kutoka bomba la mizani. Irudishe mizani kwenye sifuri ubao ukiwa juu yake, kisha shusha shingo polepole kwa jeki yake. Namba utakayosoma zidisha kwa tatu. Trela liwe limezuiwa magurudumu kwa vigingi, na kikombe kiwe kwenye urefu uleule kitakaokuwa nao safarini, kwa sababu kukiinua au kukishusha kunabadilisha jibu.

Lengo ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Matrela mengi ya Ulaya hutengenezwa kwa asilimia ndogo zaidi, lakini pamoja na mwendo mdogo unaolazimishwa na sheria na vikombe vyenye vizuia mtikisiko. Usiazime asilimia zao bila kuazima na mwendo wao.

Trela kupiga mkia

Shingo ikiwa nyepesi, trela linapiga mkia: linayumba kulia na kushoto, na kila bembeo linasukuma nyuma ya pikapu. Kila seti ya gari na trela ina mwendo wake wa hatari. Chini ya hapo, bembeo linakufa lenyewe. Juu ya hapo, kila bembeo ni kubwa kuliko lililopita, na kinachohitajika kuliamsha ni upepo wa basi linalopita au usukani uliochezwa kidogo kwenye mteremko. Shingo nyepesi inashusha mwendo huo wa hatari. Vilevile mzigo mzito uliowekwa kwenye ncha za trela, mbele kabisa na nyuma kabisa, hata kama unalingana na shingo imesoma vizuri. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Vitu vyepesi ndivyo viende pembeni.

Kurekebisha shingo ni hesabu ya dakika moja. Zidisha kilo unazosogeza kwa mita unazozisogeza mbele, gawa kwa umbali kutoka katikati ya ekseli za trela hadi kikombe. Jenereta la kilo 200 likisogezwa mita 1 mbele, kwenye trela lenye mita 4 kutoka ekseli hadi kikombe, linaongeza kilo 50 kwenye shingo. Tangi la maji lililo nyuma ya ekseli linafanya kinyume: ukilijaza njiani, umeipunguzia shingo kilo bila kugusa mzigo mwingine wowote.

Likianza kuyumba, achia mafuta, shika usukani wima, usijaribu kulifuata wala kulipinga kwa kukata kona ndogondogo. Mikono ya binadamu inachelewa, na inaishia kuongeza bembeo. Usikanyage breki za gari kwa nguvu. Kama kuna kidhibiti cha breki za trela karibu na usukani, sukuma kidole chake taratibu: breki za trela peke yake zinalinyoosha kwa kulivuta nyuma. Kuongeza mwendo "ili linyooke" ni ushauri unaotembea kwenye vijiwe vya madereva. Huenda linanyooka kwa sekunde mbili, na kisha unakuwa na tatizo lilelile kwa mwendo mkubwa zaidi.

Tufe, kikombe na pini

Hapa ndipo uzembe mdogo unapoachanisha trela na gari. Matufe ya kawaida ni ya inchi 1⅞, inchi 2, inchi 2 5/16, na milimita 50. La inchi 1⅞ lina milimita 47.6, na la inchi 2 lina 50.8. Kikombe cha inchi 2 kinafunga vizuri kabisa juu ya tufe la 1⅞. Mpini unashuka, kila kitu kinaonekana sawa, halafu kwenye tuta la kwanza kali kikombe kinaruka. Tofauti ya milimita 50 na 50.8 haionekani kwa macho, lakini kikombe cha 50 kinaweza kukataa kufunga hadi mwisho kwenye tufe la inchi 2, na kikombe cha inchi 2 kikikaa juu ya 50 kinacheza na kulila tufe. Pima kwa kalipa, kisha linganisha na namba iliyogongwa kwenye kikombe.

Nati ya tufe haikazwi kwa kukisia. Kwa shina la inchi ¾ torki, yaani nguvu ya kukazia, inayotajwa sana ni karibu nyutoni-mita (Nm) 215, kwa inchi 1 ni Nm 340, kwa inchi 1¼ ni Nm 610. Karatasi ya mtengenezaji wako ikisema vingine, fuata hiyo. Hiyo ya mwisho haifikiwi na spana fupi, hata aliyeishika awe na misuli kiasi gani. Tundu la mkono lilingane na shina. Shina jembamba lililojaziwa washa kwenye tundu pana linacheza, nati inalegea, na tufe linaanza kuzunguka.

Ukishashusha kikombe, lala chini uangalie. Ndani ya kikombe, upande wa nyuma, kuna taya ndogo ya chuma. Inapaswa kuwa imeshika tufe kwa chini, chini ya tumbo lake. Kosa la hatari zaidi ni taya kukaa juu ya tufe: mpini unafunga kwa kusukumwa, pini ndogo ya mpini inaingia, na kwa juu hakuna tofauti yoyote. Uzito wa shingo ndio unaolishika trela hapo, hakuna kingine. Namna ya kuthibitisha ni kuinua jeki ya shingo baada ya kufunga. Nyuma ya pikapu ipande sentimita kadhaa pamoja na shingo. Kikombe kikiachana na tufe, hukufunga. Kikishika lakini kinacheza, kaza nati ya kurekebishia iliyo chini ya kikombe, kidogo kidogo, hadi mchezo uishe na mpini bado ufunge kwa mkono.

Pini ya risiva ya inchi 2 ni ya inchi ⅝, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na ina klipu. Bolti ya kawaida badala yake ni kosa: uzi wa bolti ndio sehemu yake nyembamba, na ndio unaokaa mahali pa kukatwa.

Urefu wa mkono ni jambo la kupima pia. Simamisha trela likiwa limelala sawasawa, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa kikombe. Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa juu wa ndani ya tundu la risiva. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mshuko au mpando wa mkono unaohitaji. Trela liwe sawa au pua ishuke kidogo. Pua ikiwa juu, uzito unarudi nyuma na, kwa trela la ekseli mbili, ekseli ya nyuma inaweza kubeba peke yake kazi ya zote mbili.

Na neno moja nje ya mada kidogo: tufe si la kunasulia gari lililokwama. Kamba ikinyooka kwa mshtuko, shina linaweza kukatika na tufe likaruka kama risasi. Watu wamekufa hivyo. Kama unanasua kwa risiva, tumia kipande cha kunasulia chenye shakle, kilichofungwa kwa pini.

Minyororo na waya wa dharura

Minyororo ni miwili, na ipishane chini ya shingo kama herufi X, ili kikombe kikichomoka shingo idondokee juu yake badala ya kuchimba lami. Ifungwe kwenye masikio ya risiva yenyewe, si kwenye mkono. Pini ikitoka, mkono unaondoka na trela na minyororo yako itakuwa imefungwa kwenye kitu kinachoondoka. Iwe na ulegevu wa kukata kona na si zaidi. Ikiburuta inasagika na kutoa cheche, na nyasi kavu za pembeni mwa barabara hazihitaji zaidi ya hapo. Kuifupisha kwa kuisokota kunaidhoofisha. Toa pete zilizozidi, au rudisha kulabu kwenye pete ya nyuma.

Waya wa swichi ya dharura, ule unaowasha breki za umeme za trela likiachana na gari, unafungwa peke yake kwenye risiva au chasisi. Usiunganishe na mnyororo wala mkono. Ujaribu: chomoa pini ya swichi, sogeza gari mbele polepole sana, magurudumu ya trela yakatae kuzunguka. Kisha irudishe pini mara moja, maana sumaku za breki zinapata moto na betri inaisha. Sheria ya Marekani ya magari ya biashara inataka breki hizo zishike angalau dakika 15. Betri ndogo ya volti 12 iliyosahaulika miaka mitatu ndani ya kisanduku chake haifiki hapo.

Breki, umeme, tairi

Breki za umeme zinarekebishwa kwa kidhibiti. Kwenye barabara tupu ya lami kavu, trela likiwa limepakiwa, nenda kilomita 40 kwa saa, achia mafuta, sukuma kidole cha kidhibiti hadi mwisho. Ongeza nguvu hatua kwa hatua hadi magurudumu yakaribie kukwama, halafu rudi nyuma kidogo. Nguvu hiyo si ya kudumu: trela tupu linahitaji ndogo zaidi. Kama hata nguvu ya juu kabisa haileti kitu, kabla hujanunua kidhibiti kipya angalia marekebisho ya viatu vya breki, kisha unene wa nyaya. Kila sumaku inakula karibu ampea 3, kwa hiyo trela la ekseli mbili zenye breki linataka ampea 12, na waya mwembamba wa mita 8 unazila volti njiani. Ati, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, nayo ipite kwenye waya wake ndani ya plagi. Ati inayopitia tufe inakatika kila kikombe kinaporuka, na dalili yake ni taa za nyuma zinazofifia unapowasha indiketa.

Plagi zenye pini 7 si za aina moja. Ile ya Marekani yenye pini bapa ina njia ya breki za umeme. Ile ya duara ya Ulaya yenye pini 7 haina. Adapta inaunganisha taa tu, haiumbi njia ambayo haipo.

Tairi za trela huharibiwa na umri na upepo mdogo kuliko kilomita. Namba nne za mwisho kwenye mfululizo unaoanza na herufi DOT, ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Zikipita miaka sita, hata kama kashata zake bado ni nene, zinakuwa za kushuku. Jaza upepo zikiwa baridi, kwa kiwango cha kubeba uzito ulioupima. Nati za magurudumu zikazwe upya baada ya kilomita 80 za kwanza. Kila usimamapo, sogeza kiganja karibu na kila habu, kitovu cha gurudumu. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, ni beringi inayolia au kiatu cha breki kilichokwama, na haitapoa kwa kuendelea.

Vyuma vya kugawa uzito

Shingo ikizidi uwezo wa mkono wa kawaida, au mbele ya gari ikipoteza uzito mwingi, kuna mkono wenye vyuma viwili vya springi vinavyobana chini ya shingo na kurudisha sehemu ya uzito mbele ya gari na nyuma kwenye ekseli za trela. Marekebisho yake yanapimwa kwenye upinde wa gurudumu la mbele. Bila trela, tuseme ukingo uko sentimita 92 kutoka ardhini. Trela likifungwa bila vyuma, 95. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanataka vyuma virudishe nusu ya tofauti, yaani 93.5, wengine zaidi, na wengine hawataki vyuma hivyo kabisa kwenye gari lao. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Kubana kupita kiasi kunaipunguzia ekseli ya nyuma uzito, na nyuma ya gari inakuwa tayari kuteleza.

Vyuma hivi havitibu trela lililopakiwa vibaya. Shingo ya asilimia 6 inabaki asilimia 6 ikiwa na vyuma au bila. Unapovifungua, inua kwanza shingo na nyuma ya gari kwa jeki hadi ulegevu uonekane. Chuma kilichobanwa kikiachiwa kina nguvu ya kuvunja mkono wa mtu.

Kufungua

Mteremkoni ulitumia gia ndogo na kukanyaga breki kwa vipindi, ukakanyaga sawasawa na kuachia badala ya kuelea juu ya kanyagio hadi zinuke. Umefika. Tafuta ardhi tambarare, weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu ya trela pande zote mbili kabla hujagusa mpini. Minyororo ndiyo ya mwisho kuondoka. Mpini ukikataa, tufe linabanwa na gari. Sogeza pikapu sentimita mbili nyuma au mbele, na nyundo iache ilipo.

Kisha angalia mzigo ulioshusha njiani. Ukiwa umetoa vya mbele na kubakiza vya nyuma, shingo inaweza kuwa haikandamizi tena bali inavuta juu, na kikombe kikiachia tufe, pua ya trela inaruka usawa wa kidevu. Dalili yake iko nyuma ya pikapu: trela likiwa bado limefungwa, imeinuka juu kuliko inavyokaa bila trela. Hapo usifungue. Weka stendi mbili chini ya mkia wa trela, au sogeza mzigo mbele, ndipo urudi kwenye mpini.